Jiwe ya Pili Nyuma ya Ghala

Kama wewe sasa hivi unalala chali na unahesabu misumari ya bati, wacha kwanza. Mimi nilihesabu yangu mpaka misumari yenyewe ikaanza kunisalimia asubuhi. Sikia hii habari yangu, halafu utarudi kwa misumari. Haiendi mahali.

Naitwa Lemi. Mimi mtu ya Koboko, pande ya Lurujo, lakini soko ya Arua ndiyo inanilisha. Kazi yangu ni tairi. Tairi ikikufa watu wanatupa, mimi naokota. Ndani yake natoa sandali, natoa kamba ya mzigo, bawaba ya mlango, bakuli ya kunyweshea mbuzi. Sandali yangu mtu anavaa mpaka mguu inaisha, sandali inabaki, mtoto anarithi.

Shule mimi nilipita nje yake tu, nikipeleka mbuzi majani. Kwa hiyo maneno hii nasema mimi, mke wangu Ayikoru anaandika. Yeye mtu ya Aroi, amesoma, na uongo hapendi. Mahali utaona habari imekuwa fupi ghafla, jua ni yeye amekata.

Ugonjwa ilianza wakati ya vumbi, ile upepo kavu inapasua midomo. Mgongo ikawa inauma kama mtu ananipiga pasi ya makaa na shati bado iko mwilini. Kila mtu sokoni alikuwa daktari. "Wewe unakaa umejikunja siku nzima na kisu, unafikiri mgongo itakushukuru?" Wakanipaka mafuta ya nyonyo, mafuta ya simsim, mafuta ya nyoka mmoja sijui alikosea nini. Nikanuka kama kuku ya sikukuu. Halafu mguu ya kushoto ikaanza kulala. Sandali inatoka njiani, mimi nasonga mbele, sijui kama imebaki nyuma. Mimi, fundi wa sandali!

Siku moja nimemaliza kukata tairi ya lori, nataka kusimama. Nikaambia miguu, twende. Miguu ikasema, nenda wewe, sisi tunabaki.

Aliyenibeba ni Bahati. Bahati ni Mkongomani, anauza simu na kompyuta ya zamani karibu na meza yangu, anazitoa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Alinitia ndani ya toroli ya kubebea magunia, akanisukuma kupita katikati ya soko na watu wanacheka, wanafikiri tunafanya mchezo kama siku zote. Hata mimi nilikuwa napungia watu mkono kama mheshimiwa.

"Kaka," Bahati anasema na jasho, "uko muzito kama mama-mukwe amekasirika."

Nilicheka. Lakini ndani ya toroli nilikuwa najifinya paja, na paja haisemi kitu.

Hospitali kubwa iko na benchi moja ndefu, na benchi ile iko na sheria yake: mtu mmoja akiingia kwa daktari, wote mnasogea matako kidogo. Sasa mimi nasogea na nini? Ayikoru anavuta upande huu, Bahati anasukuma upande ule, na nyuma yangu kulikuwa mama mmoja mzee wa kikohozi, amefunga mdomo na leso. Akasema, "Hii gunia imefungwa vibaya, inamwagika." Benchi nzima ikacheka. Kila mara nikikaribia kuanguka, yule mama ananisimamisha na bega yake. Siku ile nilikaa kutoka chai ya asubuhi mpaka jua inashuka upande wa pili, na bega ya mama ile ndiyo kitu nakumbuka zaidi kuliko picha ya mfupa walinipiga.

Daktari akasema ni TB, imeingia ndani ya mfupa ya mgongo.

Nikamwambia, "Daktari, TB ni ya kifua. Mimi hata kukohoa sijui."

Akasema, "Hii yako imekataa kifua, imepanda mgongo."

Akasema nitameza dawa mwaka mzima, bila kukosa hata siku moja. Miezi ya kwanza nitalala, sikai, sisimami, mfupa isivunjike. Nikauliza, "Na miguu?" Yeye hakunidanganya, na mpaka leo namshukuru. Akasema, "Inaweza kurudi. Inaweza kukataa. Meza dawa, halafu tutaona."

Vita yangu ikawa hiyo moja tu. Mtu wa sandali, miguu yake itarudi ama haitarudi.

Wewe unayeanza dawa sasa, nikuambie kitu hakuna mtu aliniambia: mkojo itakuwa rangi ya fanta. Usipige kelele. Mimi nilipiga, Ayikoru akakimbia kutoka jikoni na mwiko, akifikiri nyoka. Tumbo nayo itapinduka, chakula itanuka chuma. Mimi nilikonda mpaka goti ikawa kubwa kuliko paja. Na kitu iliniumiza roho zaidi ni kisigino. Kisigino yangu ilikuwa ngumu, ningeweza kuzima moto nayo. Baada ya kulala mwezi kadhaa ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Ayikoru akinigeuza kama chapati, asubuhi na jioni, ngozi isioze, anashika kisigino, anaifunika haraka na shuka. Alikuwa anajua kisigino laini ni ya mtu hatembei.

Yeye ndiye alienda kukaa kwa meza yangu sokoni. Anakata tairi na mikono ya mwanamke aliyezoea kalamu na mwiko. Keji, binti yetu, tukampeleka Lurujo kwa mama yangu, maana hapa hakuna wa kumwangalia. Kila akipiga simu anauliza, "Baba, umesimama?" Mimi nasema, "Mwanangu, nimekataa tu, nyumba hii paa iko chini, nitapasua bati."

Kila mwezi tunarudi kwa benchi, mimi nalazwa juu yake, na ndani kuna sista mmoja wa kupima miguu. Anakuambia fumba macho, halafu anapitisha ufunguo chini ya unyayo. "Unasikia?"

Mara ya kwanza nilisema kwa sauti ya jeshi, "Ndiyo, sista! Nasikia sana!"

"Lemi," akasema, "bado sijagusa."

Mvua ya kwanza ilipoanza, Bahati alikuja na kompyuta. Ilikuwa imekosa kununuliwa kwa sababu vidude ya kuandikia imeng'oka nusu, inaonekana kama mdomo ya bibi yangu mzaa baba. Lakini mwenyewe wa kwanza alikuwa ameacha gemu ndani.

"Kaka, utakufa na kuangalia bati. Njo uone hii."

"Iko ya batoto?" naiga usemi wake.

"Apana! Iko ya mutu mukubwa hana kazi. Ni wewe."

Shida, mimi nalala chali, kompyuta itakaa wapi? Hapo kazi yangu ikasaidia. Nikamwambia Bahati alete mpira ya ndani ya tairi, akate kamba nne, afunge kompyuta kwa mti ya paa, uso yake inaangalia chini kwangu. Ikaning'inia pale kama popo. Upepo ikiingia, inabembea, na mimi nageuza macho pamoja nayo. Panya ya kompyuta, ile ya kusukuma na mkono, nikaweka juu ya ubao kando ya mkono.

Gemu yenyewe ni hivi: unajenga mahali ya watu kufurahi. Gurudumu kubwa kama ghorofa, treni inakimbia juu ya reli imejipinda kama utumbo ya mbuzi, watu wanapanda, wanalia, wanatapika, halafu wanapanda tena. Bahati akafungua ile namna ya kujenga bure, vitu yote iko. Akanionyesha mapambo: hii ya ngome ya wafalme, hii ya maharamia wa bahari, hii ya mashetani, hii ya watu wa mwezini. Majina imeandikwa chini yake, lakini mimi na maandishi tunasalimiana kwa mbali tu. Kwangu kitu haikuwa na jina. Ilikuwa na umbo.

Na mtu wa tairi umbo ndiyo anaona. Niliona koni ya aiskrimu, kubwa, ya kuweka juu ya duka, imesukwa miraba miraba. Bahati anasema, "Ile unasimamisha mbele ya duka." Mimi nikaigeuza, mdomo chini, ncha juu. Ilikuwa paa ya nyumba yetu ya Lurujo, nyasi mpya kabisa, hata panya hajaingia.

Tangu hapo nikawa mwizi. Mizinga ya maharamia nikasimamisha wima, ikawa kinu. Mlingoti ya jahazi nikakata fupi, ikawa mchi. Pipa ya pombe yao nikaweka juu ya mawe matatu, nikafunika na koni ndogo, ikawa ghala ya mtama. Fagio ya wachawi nikapanga mia, ikawa ua ya nyasi. Kulikuwa theluji, ile baridi nyeupe ya Wazungu. Nikamwaga kidogo juu ya mwamba, na hapo unaona kabisa muhogo imeanikwa. Mikono ya mifupa ya mashetani nikarundika mlangoni, ikawa muhogo yenyewe kabla ya kumenywa. Mara nikafika pande ya magari madogo ya mashindano, nikakuta tairi. Tairi! Nililia, sikatai. Nikajipa meza ya kazi chini ya mti, na tairi zangu, nikakaa pale siku nzima bila kukaa.

Bahati akasema bila kitu ya kupanda wageni hawatakuja. Nikaweka farasi zile za kuzunguka, nikazificha nyuma ya migomba. Wageni wakaja! Watu wadogo, kaptula, kofia, wanazunguka nyumba yetu, wanacheka. Nilipokea wageni wengi kuliko harusi yote ya Koboko. Ayikoru anasema walikuwa kumi na kidogo. Sawa. Lakini walikuwa wageni.

Sasa nifike mahali chungu kidogo. Siku moja mvua kubwa, Ayikoru akaingia kutoka sokoni ameloa mpaka mfupa, kidole imefungwa kitambaa, kisu ilimteleza. Mimi huku juu nimefurahi, naita, "Mama Keji, kuja uone, nimemaliza kuezeka jikoni!"

Aliangalia juu, kwa jikoni yangu. Halafu akaangalia kona, mahali maji ya paa inadondoka ndani ya sufuria: to, to, to.

"Baba Keji," akasema polepole. "Nyumba ya uongo umeezeka vizuri. Hii ya kweli inavuja."

Mimi na mdomo yangu nikajibu, "Ile ya kweli inataka fundi mwenye miguu."

Hakucheka. Akaweka uji, akatoka. Siku kadhaa zilipita, tunaongea maneno mbili tu. "Dawa." "Asante." Kama unaumwa na uko na mtu anakugeuza, sikia hii: mzaha ni dawa, lakini ikizidi ni sumu kwa yule anayebeba ndoo.

Nikamwita Bahati. Nikamwambia apande juu na mpira ya tairi na lami, mimi namwongoza kutoka kitandani. "Kushoto! Hapana, kushoto ya mimi, siyo ya wewe!" Akatukana kwa lugha nne. Akaziba. Jioni mvua ikanyesha, kona ikanyamaza. Ayikoru alisimama akisikiliza ile kunyamaza. Halafu akavuta kigoda. "Haya, nionyeshe kijiji yako."

Nikamwonyesha yote. Akafika nyuma ya ghala. "Na hizi mawe mbili?"

"Ya kusaga," nikasema haraka.

Akaniangalia, akaacha.

Mwezi ule sista alipitisha ufunguo. "Unasikia?" Sikutania. Nikasema hapana. Akaandika. Nusu ya dawa ilikuwa imeisha, na miguu ilikuwa bado mali ya mtu mwingine.

Mvua ilikuwa katikati wakati mama yangu alikuja kutoka Lurujo, na kuku amefungwa miguu chini ya kwapa. Mama yangu ni mfupi, lakini akiingia nyumba inajaa. Akaangalia kompyuta inaning'inia. "Hii mnyama gani?"

"Mama, ndani iko nyumba yetu."

"Ya Lurujo?"

"Ya Lurujo."

Kuona, lazima ulale. Mama akatandika mkeka chini kando ya kitanda, akalala chali, kitambaa ya kichwa kama mto, na tukaangalia juu wote wawili, mama na mtoto wake mzee, kama watu wanasubiri kumbikumbi itoke mbinguni. Nikamtembeza. Akajua kila kitu. "Mlango inaangalia mlima, ndiyo. Kinu, ndiyo. Lakini wageni wengi hivi, chakula iko wapi? Unataka watu waseme nini juu yangu?" Nikamwekea haraka duka ya kuuza soseji. Akatulia.

Koni ya aiskrimu nilipomwambia ni nini, alicheka mpaka kuku akaamka.

Halafu akanyoosha kidole. "Na ile, nyuma ya ghala?"

"Mawe ya kusaga, Mama."

"Jiwe ya kusaga yangu iko jikoni tangu wewe unanyonya." Sauti yake ikashuka. "Nyuma ya ghala iko baba yako."

Mkono yangu ikaacha panya.

"Moja ni baba yako. Nimeona. Ile ya pili ni nani?"

Watu, mimi niko na jibu ya kila kitu. Nilijibu polisi, nilijibu daktari, nilijibu mama-mkwe. Siku ile nikarudi kwa misumari ya bati. Ile jiwe nilitoa pande ya mashetani, nikaweka karibu na ya baba, nikarudi nyuma kuangalia kama inapendeza. Nilikuwa nimejitengenezea mahali, kimya, bila kuambia hata mimi mwenyewe.

Mama hakulia. Aliendelea kuangalia juu. "Lemi, mtu hapana chimba kaburi na mwenyewe bado anapumua. Kwetu hapana fanya hivyo. Hata kwa mchezo. Shimo ikichimbwa, inangoja."

"Ni picha tu, Mama."

"Nyumba pia ni picha, na umelia juu yake. Usiniambie picha." Akanigeukia. "Wewe tairi ikikufa unafanya nini?"

"Natengeneza kitu."

"Basi."

Nikajaribu. Nikalaza jiwe, nikasema ni ngazi ya ghala. Akakataa. Nikaweka kuwa kiti. Akakataa. "Toa kabisa." Nikatoa. Akaangalia ile mahali tupu, na bado hakuridhika. "Sasa iko wazi. Mahali wazi inaita." Akaamka, akakunja mkeka, akachinja kuku yule, akatupikia na enyasa, ugali ya kwetu, asubuhi akapanda gari kurudi Koboko bila kusema kwa nini anaharakisha.

Baadaye simu ikalia. Ilikuwa Keji. "Baba, nyanya anasema nikuambie, kando ya babu amepanda viazi. Amejaza mpaka mwisho. Anasema kama unataka kulala pale, utalala juu ya viazi yake, na atakuchapa."

Nilicheka mpaka kompyuta ikabembea. Halafu nikalia, halafu nikaanza kutafuta viazi ndani ya gemu. Hakuna. Wazungu wanajenga mpaka mwezi, viazi hawana. Nikachukua mayai ya joka, nikazika nusu, ikawa matuta. Juu yake nikatandaza majani inaota chini ya bahari. Wageni wa kaptula wakasimama pale kupiga picha sana kuliko mahali yote.

Na mimi nikaanza kungoja viazi. Hiyo ni kitu tofauti na kungoja kufa, ingawa kitanda ni ile ile. Ukimeza dawa unasema, viazi imetoa jani. Ukigeuzwa unasema, viazi imefunika tuta.

Mvua ya pili ikaja na kumbikumbi. Jirani yetu yuko na kichuguu nyuma ya nyumba, na hii aina inatoka mchana, lakini lazima uidanganye. Watu wanakaa kuizunguka na vijiti, wanapiga ardhi taratibu, trr-trr-trr, kumbikumbi huko ndani inafikiri ni mvua, inatoka na mabawa yake kwenda kuoa, inaangukia ndani ya sufuria. Daktari alikuwa amenipa ruhusa ya kulala chini kidogo, ndani ya kifuko ya kamba ngumu inafunga mgongo. Ayikoru alinilaza juu ya mkeka, miguu ikagusa ukuta ya udongo, akaenda kupiga vijiti na wengine.

Mimi nalala. Trr-trr-trr. Nasikia na masikio. Halafu nikasikia kitu inatembea chini ya unyayo.

Nikafikiri ni sisimizi. Nikaangalia, hakuna sisimizi. Vijiti ikanyamaza, kitu ikanyamaza. Vijiti ikaanza, kitu ikaanza. Ilikuwa inatoka ardhini, inapanda ukuta, inaingia kisigino yangu laini ya mtoto mchanga.

"Ayikoru!" nikaita. "Ayikoru!"

Akaja anakimbia, mikono imejaa kumbikumbi.

"Waambie wasiache kupiga!"

"Kwa nini?"

"Mguu yangu inafikiri ni mvua!"

Akanitazama, akaelewa. Akatoka nje na kuita, na majirani wote wakapiga ardhi kama wazimu, hata wale hawajui sababu, hata Bahati, alikuwa amekuja kuomba kumbikumbi. Na kidole kubwa ya mguu ya kulia, mbele ya macho ya mke wangu, ikainama. Kidogo. Kama mtu amesalimiwa kanisani na hataki padri aone. Ayikoru akakaa chini, kumbikumbi ikapanda juu ya nguo yake yote, hakuipangusa.

Mwezi uliofuata sista alipitisha ufunguo. Nikasema, "Sista, umeanzia kisigino, unaelekea kidole ndogo, na mkono yako iko baridi." Alinipiga kofi ya bega. Nje, kwa benchi, nilikuwa nimekaa, sikulazwa, na nikasogea matako mwenyewe kama raia wengine. Nilimtafuta yule mama wa kikohozi nimwonyeshe gunia imefungwa vizuri, lakini siku ile haikuwa siku yake ya kuja.

Usifikiri ilikuja mara moja. Kusimama ya kwanza ilikuwa sekunde kidogo tu, mikono juu ya shingo ya Bahati, miguu inatetemeka kama ndama amezaliwa sasa hivi, na yeye anasema, "Kaka, usinibusu." Nilianguka mara mingi, na kisigino laini ikapasuka, nikashangilia damu. Mpaka leo mguu ya kushoto inakuja nyuma kidogo kama mbwa hataki kwenda sokoni, na mgongo imebaki na kilima ndogo. Ayikoru anasema ni mahali ya kuwekea kikombe. Fimbo yangu niliivalisha mpira ya tairi chini, haitelezi.

Vumbi ikarudi. Dawa ya mwisho nilimeza na maji ya moto, na asubuhi ya pili mkojo ikarudi rangi ya watu wote. Tukapanda gari kwenda Koboko.

Kutoka barabara mpaka nyumbani Lurujo nilitembea. Keji alikuwa mbele anatembea kinyumenyume ili aangalie miguu yangu tu, hakuangalia hata uso. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakunisalimia. Alishika jembe fupi, akaelekea nyuma ya ghala, nikamfuata. Kaburi ya baba iko pale na saruji yake. Kando yake, kijani tupu, imejaa mpaka mwisho kama alivyosema.

"Chimba," akasema.

Mgongo yangu haikunji, kwa hiyo nilichuchumaa vile walinifundisha, fimbo upande mmoja, nikaingiza mkono ndani ya udongo. Ilikuwa na joto. Nikatoa kiazi ya kwanza, kubwa kama kichwa ya ndama. Ayikoru anasema kama ngumi. Tuandike kichwa ya mbuzi, tusigombane. Nikachimba mpaka kikapu ya Keji ikajaa, na mashina mama akaweka kando, maana anasema atapanda tena pale pale mvua ikija, na mwaka mwingine tena.

Tukachoma palepale jikoni. Nyumba ile paa yake ni nyasi ya kweli, na nikuambie ukweli, koni ya aiskrimu imenyooka zaidi. Mama akanipa kiazi ya kwanza, akakaa mbele yangu, akangoja nimeze.

"Iko namna gani?"

"Kaburi yangu tamu, Mama," nikasema. "Lakini imekosa chumvi."

Ayikoru akashika mdomo. Mama akaniangalia muda mrefu, na nikaona kicheko inapanda, anaikanyaga, inapanda tena.

"Chumvi iko kwa rafu, kule," akasema. "Simama ulete."

Nikasimama, nikaleta.